Mangwe za nyuma ya Malindi: nenda asubuhi

Anayetaka kulijua tembo la mnazi asianzie mangwe (vilabu vya tembo) za mjini. Huko hufika ndani ya madumu, limetikisika njiani na kupigwa jua, na ikifika alasiri ladha yake ni ukali mtupu. Bora mangwe ya shambani, upande wa Ganda, chini ya minazi yenyewe, saa mgema anaposhuka asubuhi.

Kazi yake ndiyo inayostahili safari. Huchagua panda (shada changa la maua ya mnazi) ambalo karara, yaani ganda lake, halijapasuka, hulifunga kwa ukuti lisifumuke, kisha huliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi utomvu uelekee kibuyuni. Asubuhi na jioni hukwea akachonga ncha kwa kotama, kisu cha kugemea, unene wa ukucha tu. Akikata nene, panda huisha mapema. Akiruka zamu, jeraha hukauka na mchirizi hukoma. Panda linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo shamba zuri utaliona limegawa minazi: hii ya tembo, ile ya nazi.

Tembo huanza kuchacha lingali juu mtini. La asubuhi limelala kwenye ubaridi wa usiku, bado lina utamu na povu jepesi. La jioni limeiva juani: kali, na kwa wanywaji wazoefu ndilo tembo hasa (ladha ni ya mtu). La jana ni la jikoni, linaelekea kuwa siki.

Kabla ya kuagiza, nusa kibuyu kitupu. Mashapo ya jana yakibaki ndani, tembo jipya huchachuka upesi, hata mgema awe stadi vipi. Lililotiwa maji huwa jepesi mdomoni. Lililoongezwa sukari huacha kunata midomoni. Methali ya mgema haikutungwa bure.

Utaletewa mboko (kibuyu cha kunywea) na mrija wenye kilifu (nyuzi za mnazi) nchani, wa kuzuia nyuki na takataka. Omba mrija wako mwenyewe, maana hupokezanwa. Asiyekunywa ataagiza dafu.

Starehe haipo: viti ni magogo, choo ni bahati. Panga na bodaboda akurudishe, naye asiguse mboko. Masika usiende, mvua huingia vibuyuni, na shina likiteleza mgema hakwei.