Ukuta Unavuta Maji: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Ukifika hadiwea ukasema ukuta unavuta maji, mara nyingi utatoka na ndoo ya puti na rangi ya bei mbaya. Ukuta utapendeza mpaka masika, kisha rangi itavimba na kubanduka palepale. Ndiyo maana mpangilio huu wa vitu vya kununua haufuati bei wala sifa zilizoandikwa kwenye ndoo. Unafuata swali moja: kitu hiki kinazuia maji yanapoingilia, au kinaficha doa tu?

Kabla ya kutoa pesa, lisome doa. Likianzia sakafuni, likapanda hadi karibu mita moja na kuishia kwenye mstari wenye unga mweupe, hayo ni maji ya ardhini yanayopanda pamoja na chumvi zake. Likiwa juu karibu na dari au chini ya dirisha, na likatanuka kila mvua inaponyesha, angalia paa, gata na nyufa za nje. Doa la nyuma ya bafu lisilojali kiangazi wala masika linatia shaka ya bomba: usiku funga mabomba yote na valvu ya tenki, soma mita ya maji, kisha isome tena asubuhi; ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Ukungu mweusi kwenye pembe au nyuma ya kabati mara nyingi ni hewa nzito ya chumbani, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza kabati.

Ukibaki na shaka, bandika kipande cha foili ya jikoni ukutani, ukizibe pande zote kwa selotepu kwa siku mbili. Umande ukitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa. Ukitokea upande wa ukuta, maji yamo ndani.

Nafasi ya kwanza naipa vitu ambavyo havina mvuto kabisa: gata, bomba la kushushia maji, silikoni ya kuziba kingo za dirisha, saruji kidogo ya nyufa, na kibarua mwenye jembe. Huyo wa jembe msimdharau. Kizuizi cha unyevu kwenye msingi, yaani tabaka lisilopitisha maji linalotandazwa chini ya ukuta, kinatakiwa kiwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Lakini nyumba ikishakaa miaka kadhaa, kifusi kimemwagwa, bustani imepanda, baraza limeongezwa, na udongo sasa unaegemea ukuta juu ya kizuizi chenyewe. Hapo hata dawa ghali haitafua dafu mpaka udongo ushushwe na maji ya mvua yaelekezwe mbali na ukuta.

Ya pili ni dawa ya kuzuia maji inayochanganywa kwenye saruji ya lipu. Ya unga mara nyingi huelekezwa kilo 1 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, ila soma pakiti yako, maana fundi hukadiria kwa kiganja. Usiipige juu ya lipu ya zamani. Bomoa hadi kwenye tofali, walau sentimita 30 kupita mwisho wa doa, kwa sababu lipu iliyojaa chumvi huvuta unyevu hata kutoka hewani. Dai mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni utakurudisha ulikotoka. Na chanzo kikiachwa, maji yatapanda nyuma ya lipu mpya na kutokea juu yake. Kwa bafu, nunua ile ya kupaka kwa brashi, ipakwe mara mbili, kabla ya vigae. Vigae peke yake havizuii maji.

Ya tatu ni krimu ya silikoni inayoingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa mstari mmoja chini ya ukuta, kwa kawaida milimita 12 kwa upana na kila baada ya sentimita 12 hivi. Hufaa pale unyevu unapopanda na kizuizi hakikuwekwa. Haipatikani kila duka, na inahitaji fundi anayeijua. Kwenye tofali zenye uwazi ndani, tundu litobolewe kwenye saruji ya kuungia iliyo kati ya tofali, la sivyo krimu inamwagika ndani bure.

Rangi ya kuzuia maji naiweka ya nne. Nje, juu ya lipu kavu isiyo na ufa, inasaidia. Ndani, juu ya ukuta mbichi, inafungia maji, na yatatafuta pengine pa kutokea.

Ya mwisho kabisa ni puti ya jasi (jipsamu), pamoja na mbao za jasi na karatasi za ukutani. Jasi ikilowa hulainika. Kwenye ukuta mkavu sina ugomvi nayo.

Wenye nyumba za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe au Lamu, wasifuate mpangilio huu kuanzia namba mbili. Kuta hizo hupumua kwa chokaa. Ukizifunika kwa saruji au rangi nzito, unyevu unabaki ndani. Nunua chokaa iliyolowekwa vizuri na umtafute fundi aliyezoea kazi hiyo.

Ukiwa dukani, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na uminye pakiti: dawa ya unga iliyoshikana mabonge imeshapata unyevu. Chumvi nyeupe ukutani iondoe kwa brashi kavu, usiioshe. Ukisafisha ukungu kwa jiki, fungua madirisha na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya chooni, kwani mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya sumu.