Lenzi ya sonara ya Sh 15,000 kwa kutambua gugu jipya la ziwani

Lenzi ninayoieleza hapa ni ile ndogo ya kukunja wanayotumia masonara na wanunuzi wa dhahabu, ya kukuza mara 10. Nimeinunua Mwanza mjini kwa Sh 15,000, kwenye banda linalouza mizani midogo ya dhahabu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi, kwenye mwalo mmoja upande wa Misungwi, na kazi niliyoinunulia ni kutambua magugu.

Sababu wenzangu wa ziwani mnaijua. Mwanzoni mwa 2025, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni, gugu la jamii ya Salvinia lilijazana kwenye njia ya vivuko na kuvikwamisha. Gugu maji la zamani, lenye ua la zambarau na vikonyo vilivyovimba, hata mtoto analijua. Hili ni ukoo wa kangaga na halitoi ua kabisa. Majani mawili yanaelea, la tatu limezama na kuchanika nyuzinyuzi hadi mtu anakuapia kwamba ni mizizi. Likiwa na nafasi, majani yanalala juu ya maji. Likibanana, yanakunjana na kusimama wima, na aliyeliona jana kwenye maji ya wazi atakwambia leo kuna gugu lingine. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa jani. Angalia vinyweleo vya juu ya jani, na hapo ndipo lenzi inapolipa bei yake.

Chukua jani changa lililofunguka vizuri, likung'ute maji. Shika lenzi karibu kabisa na jicho, kisha lilete jani hadi libaki kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye lenzi, mwanga ukitokea ubavuni. Utaona vijiti vimesimama kwa safu, na kila kijiti kinagawanyika juu kuwa vinyweleo vinne. Kwenye Salvinia molesta, vinne hivyo vinapinda na kukutana tena nchani, mfano wa kile kidude cha waya cha kupigia mayai. Kwenye Salvinia minima vinagawanyika vilevile, ila ncha zinabaki huru, kila moja na njia yake. Yale niliyoyaopoa mwaloni kwetu, ncha zimeungana. Nilimpa mzee mmoja wa dagaa aangalie, akalizamisha jani ndoni, likaibuka kavu. Zile ncha zilizoungana ni kama vitundu vya kufugia ndege, zinashika hewa, ndiyo maana maji hayalilowanishi. Majani yaliyozeeka usiyahukumu, kwa sababu vitundu vimeshakatika na utaona ncha kama huru, kumbe zilikuwa zimeungana.

Azolla nayo lenzi inaitenganisha upesi: vijani vyake vimepangana kama magamba, mara nyingi na wekundu. Na kwenye gugu maji la zamani unaziona alama za kuliwa na fukusi wa Neochetina walioachiwa ziwani miaka ya 1990.

Ina kikomo, na sitaki mtu aende na matumaini yasiyo yake. Molesta ana ndugu watatu wenye ncha zilizoungana vilevile: auriculata, biloba na herzogii. Hao lenzi haiwatenganishi kwa vinyweleo. Wataalamu wanaangalia vifuko vya mbegu-vumbi vinavyoning'inia chini ya maji, jinsi vilivyopangika. Ukifika hapo, piga picha, andika ulipolitoa, waachie wao.

Wapo wanaoniambia gugu ni gugu, liopolewe tu. Mimi nawajibu kwa mfano wa Kariba, bwawa la mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Bwawa lilianza kujaa mwishoni mwa 1958, na kufikia 1962 gugu hili la molesta lilikuwa limefunika takribani kilomita za mraba 1,000. Wakati ule liliitwa auriculata. Wadudu wa kulila wakatafutwa kwenye mmea huo wa auriculata, na fukusi aliyepatikana hakulimudu. Mwaka 1972 mtaalamu wa mimea, Mitchell, akalitambulisha kuwa ni aina ya peke yake, na 1978 asili yake ikapatikana kusini-mashariki mwa Brazili. Fukusi wa huko aliachiwa ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, na muda usiozidi sana mwaka akawa amelisafisha. Hata yeye walimdhania kuwa yule wa kwanza, hadi 1985 alipopewa jina lake, Cyrtobagous salviniae. Ana milimita mbili hivi. Bila lenzi utampita.

Sasa kununua. Achana na zile zilizoandikwa mara 30 zenye kioo kidogo: niliyojaribu ilipindisha picha pembeni, na mtumbwi ukitikisika kidogo huoni kitu. Mara 10 inatosha. Chagua ya chuma, si ya plastiki, na iangalie skrubu, maana ikilegea kioo kinatoka. Funga kamba uivae shingoni. Yangu imeshalowa mara kadhaa na haijaota ukungu, nikiifuta tu kwa kitambaa laini.

Na liangalieni gugu hapohapo ufukweni. Msilibebe kwenye ndoo kwenda mwalo mwingine "kulionyesha". Kipande kimoja chenye chipukizi kinatosha kuanzisha shamba zima.