MNI-glutameti: uzoefu wangu baada ya miaka kadhaa ya kuitumia

Nafanya utafiti wa neva huku Ujerumani, na MNI-glutameti, yaani glutameti iliyofungwa ambayo hufunguliwa kwa mwanga, ndiyo ninayoichagua kila ninapotaka kuisisimua sinapsi moja (kiungo kati ya nyuroni mbili) bila kuwagusa majirani zake. Nimeona wenzetu wanaoanza wakiuliza kama inafaa gharama yake. Kwangu inafaa, lakini si kwa kila swali.

Glutameti ndiyo kemikali kuu ambayo nyuroni za ubongo hutumia kusisimuana. Katika bidhaa hii imefungwa na kipande kingine cha molekuli, kwa hiyo vipokezi vya glutameti haviitambui. Mwanga wa urujuanimno ukiipiga, kifungo kinakatika na glutameti inaachiwa katika muda usiofika mikrosekunde moja. Kwa leza ya fotoni mbili, ambayo sisi tunaiweka nanomita 720, kifungo hukatika pale tu mwanga ulipokusanyika, juu na chini ya hapo hakuna kinachotokea.

Kazi yenyewe inapendeza mno. Unatafuta spaini, yaani kile kinundu kidogo kinachochomoza kwenye tawi la nyuroni, unaweka nukta ya leza pembeni ya kichwa chake, kama nusu mikromita hivi, kisha unapiga mwanga wa milisekunde moja. Pipeti iliyoshika mwili wa seli inaonyesha mkondo mdogo wa umeme unaopanda haraka na kushuka taratibu, sawasawa na ule wa sinapsi yenyewe. Ondoa magnesi kwenye maji yanayopita juu ya tishu ndani ya chemba, rudia mwanga mara moja kila sekunde kwa dakika moja, na spaini ile inavimba mbele ya macho yako huku za jirani zikibaki vilevile. Masanori Matsuzaki, Haruo Kasai na wenzao walilionyesha jambo hili mwaka 2004, na mpaka leo nikiliona kwenye skrini nasisimka.

Sasa kasoro yake, na hii isomwe kwa makini. Kwa kiwango tunachohitaji na fotoni mbili, kwa kawaida milimola 2.5 kwa lita au zaidi, MNI-glutameti inazuia vipokezi vya GABA-A, vile vya GABA, kemikali inayotuliza nyuroni. Yaani breki za ubongo zinalegea hata kabla hujawasha leza. Kama unachunguza spaini moja na umeshaweka tetrodotoksini kuzima mipigo ya neva, unaweza kuishi na hilo. Kama swali lako linahusu uzuiaji, yaani breki hizo, au mtandao mzima wa nyuroni, tafadhali usiitumie. Utapata data safi ya kuvutia kutoka kwenye tishu isiyo katika hali yake.

Bei nayo inauma. Miligramu 10 zinakupa takriban mililita 12 tu za maji yenye kiwango hicho cha milimola 2.5, kwa hiyo maji yasiende kumwagwa: yazungushe kwa pampu, chemba ndogo, mirija mifupi. Inayeyuka vizuri kwenye maji na hailegei yenyewe ikikaa gizani. Chupa tunazifunga foili na kuzihifadhi kwenye friza.

Maabara isiyo na leza ya fotoni mbili iangalie RuBi-glutameti, iliyojengwa juu ya metali ya rutheni. Hii hufunguka kwa mwanga wa buluu, hivyo LED ya kawaida ya hadubini inatosha, ingawa kwa LED hutalenga spaini moja. Hata ukiwa na fotoni mbili inatumika kwa kiwango kidogo zaidi, mikromola 300 hivi, na GABA inaathirika kidogo kuliko kwa MNI. Adha yake ni kwamba taa za chumba zinaifungua pia. Andaa kila kitu chini ya taa nyekundu na ufunike hata skrini ya kompyuta.

Yoyote utakayonunua, fanya kwanza jaribio la leza peke yake, bila dawa yoyote kwenye chemba. Spaini ikivimba hapo, ujue unaichoma. Punguza nguvu ya leza kabla ya kufungua chupa ya gharama.