Mkopo wa kikundi wa wiki 16: uzoefu wangu wa kukaanga samaki Tandika

Nakaanga samaki aina ya vibua Tandika, Dar es Salaam, jioni, kando ya barabara. Wenzangu wengi wananiuliza kama wachukue mkopo wa kikundi, maana siku hizi maafisa mikopo wanapita hadi jikoni. Nimemaliza mzunguko mmoja na niko wa pili. Taasisi siitaji, ila ina leseni ya Benki Kuu. Si kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa kuandikishana kochi na tivii kama dhamana kwenye karatasi ya daftari.

Kabla ya mkopo nilikuwa nachukua samaki soko la Feri kwa mali kauli. Mchuuzi ananipa ndoo asubuhi, nauza, kesho namletea hela yake. Anayelipa taslimu anaipata kwa 50,000, mimi naandikiwa 60,000. Na huchagui: ukipewa vibua vilivyolegea tumbo unashukuru, kwa sababu huna hela mkononi ya kusimama mnadani na wenzako.

Nilikopa 400,000. Masharti yalikuwa kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, picha mbili, na kikundi cha wanawake 20 tuliogawanywa tano tano, kila tano wanadhaminiana. Hela iliyoingia kwenye simu ilikuwa 348,000. Walikata ada asilimia 2, bima asilimia 1, na akiba ya dhamana asilimia 10, ambayo unarudishiwa ukimaliza. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Umesaini laki nne, riba inahesabiwa kwenye laki nne, lakini laki nne hukuishika hata dakika moja.

Riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ndio ukomo uliowekwa na Benki Kuu. Kwa miezi minne ni 56,000, kwa hiyo marejesho ni 28,500 kila Jumanne, mara 16. Ukifika wiki ya nane umesharudisha nusu ya deni, ila riba bado inahesabiwa kana kwamba hela yote iko kwako. Nilimuuliza afisa. Akasema ndivyo mfumo ulivyo, akafungua ukurasa mwingine.

Pamoja na hayo, mkopo ulinifaa, sitasema uongo. Nilinunua karai kubwa na dumu la mafuta la lita 20, nikaachana na mafuta ya kupima. Nikaanza kusimama mnadani na hela yangu. Kwa ndoo nne za wiki ninaokoa 40,000 iliyokuwa ikienda kwa mchuuzi, na hiyo peke yake inalipa marejesho na chenji inabaki. Na nachagua samaki: nafunua shavu, nikiona wekundu umefifia napita.

Shida yangu kubwa haikuwa riba. Ilikuwa mwezi, huu wa angani. Wa Feri mnanielewa: vibua na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, boti nyingi zinalala. Ndoo ya 50,000 inapanda hadi 75,000, na mteja wangu wa Tandika hajui habari za mwezi, anataka samaki wake wa bei ileile. Siku hizo nachukua ndoo moja tu, siku nyingine nauza mihogo ya kukaanga ili karai lisikae bure. Lakini Jumanne ni Jumanne, 28,500 ni 28,500. Mwenye genge la nyanya anauza kila siku, marejesho ya wiki yanamkaa sawasawa. Mimi kila mwezi nina siku kadhaa ambazo bahari yenyewe imefunga duka.

Jambo la pili ni kikao. Tunakaa barazani kwa mwenyekiti saa 3 asubuhi, saa ambayo natakiwa nipare samaki. Hela isipotimia hatoki mtu. Wiki ya 11 mwenzetu mmoja alipungukiwa 12,000, mtoto wake alikuwa amelazwa. Afisa akafunga daftari, akaweka kalamu juu yake, akatazama barabarani. Tulikaa saa nzima na nusu hakuna anayemwangalia mwenzake. Mwisho tukachangishana sisi wanne wa tano lake, elfu tatu tatu. Zangu nilizitoa kwenye fundo la kanga, zimelowa, zinanuka samaki. Yule mama hakusema kitu, alikuwa akihesabu vidole vya mtoto wake mdogo aliyempakata. Mimi namdai mpaka leo na sitamwambia.

Kwa kulinganisha, kikoba chetu cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, riba yake inarudi kwetu wenyewe tukivunja mwisho wa mwaka, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Ila ukitaka laki nne mwezi Februari sanduku halina. Mikopo ya halmashauri haina riba kabisa, asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya vikundi vya wanawake, lakini ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na foleni yake mnaijua.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wa genge, wa maandazi, wa chapati: chukueni, ila ulizeni kwanza hela itakayoingia mkononi ni ngapi. Wa samaki fanyeni hesabu ya mbalamwezi kabla ya kusaini.

Mzunguko wa pili waliniambia nimefuzu kwa 700,000. Nikachukua 400,000 ileile. Wiki za giza, mbalamwezi isipowaka, naweka marejesho ya Jumanne mbili pembeni kwenye simu, sigusi hata gesi ikiisha. Na nilimwomba afisa hela iingie siku tatu baada ya mwezi mpevu. Alicheka sana, akauliza kama nimetoka kwa mganga, lakini tarehe aliiandika.