Bushi za Ekseli ya Nyuma: Raba au Poliyurethani?

Watazamaji, karibuni. Mezani kuna seti mbili za bushi, yaani vile vimto vinavyokaa kati ya boriti ya nyuma na bolti zake, za gari dogo la zamani, lile lenye boriti moja ya nyuma inayounganisha magurudumu mawili na kushikwa kwenye bodi kwa bolti mbili tu. Hizi nyeusi ni za raba: ganda la chuma nje, bomba la chuma ndani, na raba imegandishwa kote kuwili. Hizi nyekundu ni za poliyurethani, aina ya plastiki ngumu: nusu mbili zinazokutana katikati, na bomba lake linaingia mwisho.

Kwanza hakikisha bushi ndiyo mbovu. Mlio wa ko-ko kwenye matuta unaweza pia kutoka kwenye kichwa cha shokapu, na watu wengi hubadilisha kisichoumwa. Mwambie mwenzio akae ndani, avute handbreki, kisha ajaribu kusogeza gari mbele na nyuma polepole. Wewe simama pembeni, usiingie chini. Gurudumu la nyuma likihama waziwazi ndani ya tao lake, ule upinde wa bodi juu ya gurudumu, bushi imekwisha. Nyufa ndogo za juu juu ni uzee tu. Ugonjwa ni raba iliyobanduka kwenye chuma.

Sasa tazama hii ya raba kwa karibu. Umeona haya matundu mawili yenye umbo la mwezi mchanga? Hayo yamewekwa makusudi: bushi iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ukiipachika imegeuka, gari litayumba hata kama bushi ni mpya kabisa. Ndiyo maana bushi nzuri huwa na alama ya mwelekeo kwenye ganda. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi haina alama, na ukiibana pembeni kwa kidole unaona raba inaachana na chuma kabla hata haijafungwa. Hiyo iache dukani.

Poliyurethani ni ngumu zaidi, haiogopi oili, na haihitaji presi, ile mashine ya kushindilia, kwa sababu nusu zake huingia kwa mkono. Lakini boriti ya nyuma hujipinda kila gurudumu moja linapopanda peke yake, na bushi lazima ikubali kujipinda nayo. Hii hukataa, kwa hiyo mtikisiko unapanda kwenye bodi. Grisi yake ikikauka, inalia kama kitanda kibovu. Kwa gari la kila siku, mimi nasema raba. Poliyurethani waachie wanaokimbiza gari na wasiojali kelele.

Kufunga. Gari likiwa chini, kwa magurudumu yake, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao juu yake, pande zote mbili, uandike. Kipimo hiki tutakirudia. Weka kabari magurudumu ya mbele, inua nyuma, kalisha bodi kwenye stendi imara; jeki peke yake haitoshi. Achilia vishikio vya paipu za breki, kebo za handbreki na waya za sensa, maana boriti ikishuka, hosi ya breki isivutwe hata kidogo. Shika boriti kwa jeki, toa bolti mbili, kisha ishushe mbele taratibu, ikiwa bado imeshikwa na shokapu.

Bolti ndiyo husumbua. Kutu huiunganisha na bomba la ndani, inazunguka na raba lakini haitoki. Loweka dawa ya kutu tangu jana yake. Ikigoma, ikate pande mbili za bushi kwa msumeno, na uwe umeshanunua bolti na nati mpya.

Kabla ya kutoa bushi, chora alama ya mwelekeo kwenye boriti na upime imetokeza milimita ngapi. Usiichome moto: moshi wake ni sumu, na tangi la mafuta liko jirani. Toboa raba kwa drili, kisha kata ganda kwa jino la msumeno mara moja, ukiishia kabla ya kugusa chuma cha boriti. Safisha tundu kwa msasa, paka maji ya sabuni, vuta bushi mpya ndani kwa bolti ndefu, washa nene (ringi bapa ya chuma) na kipande cha bomba kinachosukuma ganda la nje. Ukisukuma bomba la ndani, umeshaichana. Ikianza kuingia upande, irudishe uanze upya. Grisi ya kawaida hula raba, usiitumie. Badilisha zote mbili.

Hapa ndipo bushi mpya nyingi huuawa: kukaza bolti magurudumu yakining'inia. Bomba la ndani hubanwa lisizunguke, hivyo gari likishuka raba inabaki imesokotwa muda wote, na inachanika mapema. Zifunge kwa mkono tu, rudisha magurudumu, pandisha gari kwenye ngazi za kuendeshea, litikise, hakikisha kipimo chako cha mwanzo kimerudi, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Kuinua boriti kwa jeki badala yake ni hatari kwa gari jepesi. Linaweza kunyanyuka kwenye stendi kabla springi haijabanwa vya kutosha.

Waliochagua poliyurethani hawahitaji kipimo hicho, kwa kuwa bomba lao huzunguka huru. Wao wapake grisi ya silikoni kwa wingi, na wahakikishe bomba limetokeza kidogo pande zote ili bolti ibane chuma, siyo plastiki. Kisha pelekeni gari alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu.