KoboCollect kwa ramani za uswahilini: inapofaa na inapokwama

KoboCollect ni programu ya bure ya kujazia fomu kwenye simu za Android. Mtandao unauhitaji unaposhusha fomu na unapotuma majibu. Katikati hapo unaweza kushinda vichochoroni kutwa nzima bila bando. Imejengwa juu ya ODK Collect, programu nyingine ya fomu za simu, kwa hiyo aliyezoea moja hapotei kwenye nyingine. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kuchora makazi yasiyopimwa kwa kushirikiana na wakazi wake, kama ilivyofanyika Tandale mwaka 2011, na kama mradi wa Ramani Huria ulivyofanya kuanzia 2015 kwenye kata za Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo wakizunguka mitaani pamoja na wenyeji.

Kwa kuuliza na kupima, hatujaona karatasi inayoifikia. Kwa kuchora mistari, usiiachie kazi peke yake.

Chukua mtaro wa maji ya mvua. Fomu inahitaji mahali, upana, kina, umejengwa kwa nini (zege, mawe au udongo mtupu), umeziba kiasi gani na kwa kitu gani, na picha moja. Fomu ikiandaliwa kwenye jedwali la XLSForm (faili la Excel ambalo kila mstari ni swali), ongeza safu ya label::Kiswahili (sw), mkazi asome swali kwa lugha anayoiongea. Kisha funga vipimo. Kina kiwe swali la namba kamili, kwa sentimita, na sharti la . >= 5 and . <= 400. Ukiacha wazi, mmoja ataandika 150 na mwenzake 1.5 kwa mtaro uleule, na wiki mbili baadaye ofisini hakuna atakayeweza kusema 15 ni sentimita au ni mita 1.5 iliyokosa nukta.

Na kina chenyewe kiulizwe mara mbili. Simamisha fimbo juu ya taka, soma hadi usawa wa ukingo: hicho ndicho kina kilichobaki. Kisha isukume mpaka igonge zege, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ni mchanga na mifuko iliyolala ndani, na ndiyo namba ambayo mwenyekiti wa mtaa anaweza kwenda nayo manispaa kuomba mtaro uzibuliwe. Fomu nyingi huuliza kina mara moja tu, basi nusu ya watu hupima mpaka kwenye taka na nusu mpaka chini. Hapo programu haina kosa, fomu ndiyo yenye kosa.

Sasa mahali. Swali la nukta, kwa mpangilio wake wa kawaida, hungoja usahihi ufike mita 5 ndipo lijifunge lenyewe. Uwanjani ni sekunde chache. Kwenye kichochoro cha mita moja na nusu, mabati huku na ukuta huku, mawimbi ya setilaiti hugonga na kurudi kabla ya kufika kwenye simu, na usahihi unaweza kukwama mita 15 au 20. Mtu akichoka kungoja hubonyeza kuhifadhi. Nyumba nyingi za uswahilini hazifiki upana wa mita 10, kwa hiyo nukta inaangukia kwa jirani. Dawa ni kuweka placement-map, inayoruhusu kuweka alama kwa mkono juu ya ramani, kwenye safu ya appearance ya jedwali la fomu, na kuingiza picha ya anga ya mtaa kwenye simu kama faili la MBTiles, yaani ramani inayofunguka bila mtandao, linalotengenezwa ndani ya QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Mkazi anaona paa lake, anasogeza alama mpaka juu yake. Picha ya droni ndiyo inayofaa zaidi, maana kwenye picha ya setilaiti mapaa yaliyobanana huonekana kama bati moja kubwa. Hata kwenye droni, kumbuka upenu: paa ni pana kuliko kuta, na chini ya paa moja huweza kuwa na kaya sita za wapangaji. Idadi ya kaya iulizwe mlangoni, isikisiwe kutoka juu.

Ukishusha data, kila nukta ina namba nne: latitudo, longitudo, mwinuko na usahihi. Chuja ile ya nne. Yoyote iliyochukuliwa kwa GPS na kuzidi 10, rudini mkapime upya wakati timu bado iko mtaani. Angalia pia nukta zilizorundikana sehemu moja. Mara nyingi ni mitaro kumi iliyojazwa kivulini baada ya matembezi. Swali la mahali likiwa la kwanza na la lazima, tabia hiyo hupungua.

Mistari ndiyo inayotukatisha tamaa. Ukitembea kando ya mtaro huku simu ikirekodi yenyewe, unapata mstari unaoyumba kushoto na kulia, na mitaro miwili inayokutana kweli huishia mita tatu mbali kwenye skrini. KoboCollect haina njia ya kuzigandisha ncha hizo pamoja. Kwa macho ni kasoro ndogo. Kwa hesabu ya mafuriko, maji yanakomea pale. Kwa hiyo chora mtandao wa mitaro kwenye JOSM (programu ya kompyuta ya kuchorea OpenStreetMap, ramani huria ya dunia) au QGIS juu ya picha ya anga, halafu tumia fomu kuchukua vipimo kwenye vituo: mwanzo, kila kona, kila daraja na mwisho.

Mipaka ya mashina (vikundi vya nyumba ndani ya mtaa) nayo haitaki simu kwanza. Chapisha karatasi za Field Papers, tovuti ya kuchapia ramani za kuchorwa kwa kalamu, bora ukubwa wa A3, mpe mjumbe kalamu, muwe na wajumbe wa mashina jirani meza moja. Hubishana, na ubishi huo ni sehemu ya kazi. Wakikubaliana, piga picha karatasi na uipandishe kwenye tovuti hiyo. Alama iliyochapishwa juu yake ndiyo inayoirudisha mahali pake kwenye ramani.

Mitego ya kila siku: fomu iliyobaki rasimu haitumwi, na programu ikifutwa kwenye simu, majibu ambayo hayajatumwa hupotea nayo. Ukibadilisha fomu katikati ya kazi, hakikisha simu zote zimeshusha toleo jipya kabla ya kutoka. Punguza ukubwa wa picha kwa max-pixels=1024 kwenye jedwali la fomu, la sivyo bando la timu litaishia kwenye picha za taka. GPS na skrini hula chaji. Beba betri ya akiba. Mwenye iPhone atajaza fomu hiyo kwenye kivinjari. Akaunti ya bure ya KoboToolbox, mfumo unaopokea majibu ya KoboCollect, ina kikomo cha majibu na nafasi, ukisome kabla ya kuahidi kata nzima.

Majina ya wakazi, namba za simu na hali ya umiliki wa viwanja vibaki kwenye akaunti ya mradi. OpenStreetMap husomwa na kila mtu. Humo peleka mitaro, njia, visima na vyoo vya umma. Na nakala iliyochapishwa ibandikwe ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na kalamu ya kusahihishia.