Ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua, Unguja: unalipia nini hasa?

Mkaguzi anayemaliza nyumba ya vyumba vinne kwa nusu saa hajakagua kitu, amekuja kutembea. Kazi yenyewe hula saa tatu mpaka nne, na nguo hutoka zimechafuka, kwa sababu kuna kupanda paa, kuchungulia kenchi na kufunua karo, yaani shimo la maji machafu. Huduma hii inastahili pesa yake, lakini hapa kwetu ubora wake unakwenda na mtu, na mnunuzi lazima ajue pa kumbana.

Kwa nyumba za Mji Mkongwe, boriti kwanza. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, upana wake unaamuliwa na urefu wa boriti. Katikati ya boriti hapaozi upesi. Panapooza ni kichwani, inapoingia ukutani, kwa kuwa ukuta ukishanywa maji kichwa hakikauki. Mkaguzi anayejua kazi huchomeka bisibisi pale pale. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti imekwisha, hata kama chini imepakwa rangi ikang'aa. Kisha apande atizame juu yake kuna nini. Mara nyingi ni bafu lililoongezwa baadaye, na bomba linavuja taratibu. Ripoti ikisema "boriti tatu mbovu" bila kulitaja bafu, irudishe: utatia boriti mpya nazo zitaoza vile vile.

Ukuta nao una yake. Chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukishaufunika kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu haupati pa kutokea. Chumvi inachanua kama unga na plasta inabanduka mapande mapande. Mkaguzi augonge ukuta kwa vifundo vya vidole: palipoachana hulia kama debe tupu. Gharama ya matengenezo atakayoandika iwe ya fundi wa chokaa, maana kumpa kazi hiyo fundi wa saruji ni kurudia kosa lile lile. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo usidhani utabomoa na kujenga upendavyo. Kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe ya kuombwa kibali.

Nyumba za tofali za Fuoni au Bububu zina maradhi mengine. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si habari. Wa kusimamia ni ufa unaomeza sarafu na kupanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, au ule ulionyooka kufuata nondo ya nguzo, una doa la kutu. Huo wa kutu chanzo chake aghalabu ni mchanga wa pwani usiooshwa, au zege lililofunika nondo kwa sentimita moja tu. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kuziba ufa kwa saruji ni kupaka jipu poda. Na kama kuna tangi la lita 1,000 juu, likijaa ni tani nzima ya maji. Mkaguzi aseme limekaa juu ya nini.

Umeme na maji havichukui muda: swichi kuu, waya wa ardhi, deni kwenye mita ya Tukuza (ile ya umeme wa kulipia kabla), na mfereji unaotoka moja kwa moja kwenye bomba la ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, si ule wa tangi, kwani tangi lililojazwa jana humdanganya mgeni.

Wakaguzi wengi huanguka kwenye karo. Hawalifunui. Penye ardhi ya maweni jiwe lina nyufa, maji machafu hupita bila kuchujwa na udongo, na kisima cha jirani kiko hapo hapo. Masafa yanayoshauriwa kwa kawaida kati ya karo na kisima ni mita 30. Apime kwa futi kamba, asikadirie kwa macho.

Hati si kazi yake. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, unachonunua ni haki ya matumizi, na hilo ni la wakili, sheha na Kamisheni ya Ardhi. Mkaguzi aliyeletwa na dalali naye mkatae kwa adabu. Anayemlipa ndiye anayemwandikia.

Siku ya kumwita? Masika, mvua ikinyesha. Wakati wa kaskazi kila paa ni zima. Kama huwezi kungoja na paa ni la zege, azibe tundu la kutolea maji, amwage maji mpaka yafunike sakafu ya juu, ayaache saa kadhaa, kisha ashuke na tochi atizame dari.